Cha Mlevi Huliwa na Mgema: Sheria Ifanye Nini na Kasino za Mtandaoni?



Ndugu msomaji, likizo iliyopita, tukiwa katika kazi za kichungaji parokiani, tulihudhuria kikao cha jumuiya ndogondogo moja ambacho hakikuitishwa kwa ajili ya sala. Mweka hazina wa jumuiya, kijana dereva wa bodaboda aliyeaminiwa na wote, alikuwa amemaliza shilingi 340,000 za mfuko wa misiba. Hakununua kitu wala hakumhonga mtu. Fedha yote ilipita kwenye simu yake, usiku, kwa muda wa wiki tatu, ikaishia kwenye kasino ya mtandaoni: kidogo kwenye sloti, nyingi kwenye ule mchezo wa kindege kinachopaa huku namba zikipanda, na ukichelewa kubonyeza kinatoweka na hela yako.

Wazee walisema kwa ukali, kijana akainamisha kichwa. Kisha mama mmoja akauliza: “Huo mchezo si unatangazwa redioni? Kama ni wizi, mbona umepewa leseni? Na kama si wizi, mbona hela yetu haipo?” Hakuna aliyemjibu. Sisi tunaosoma falsafa tuliangalia chini kama wengine.

Makala hii ni jibu letu kwa mama yule, ingawa limechelewa. Hoja yetu kwa kifupi ni hii: mjadala wa kuhalalisha au kupiga marufuku kasino za mtandaoni kwa kawaida humtazama mchezaji na kuuliza kama aachwe huru au azuiwe. Wahenga wetu walitazama mahali pengine waliposema kwamba cha mlevi huliwa na mgema. Sheria njema imtazame kwanza mgema. Na katika hili tutaona kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi karne ya 13 na asiyejua simu wala umeme, anatusaidia kuliko tunavyodhani.

1. Hali ilivyo

Hapa Tanzania swali si kama kasino za mtandaoni zihalalishwe, kwa kuwa ziko halali tayari. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ilianzisha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Bodi hiyo hutoa leseni kwa kasino za majengoni na za mtandaoni, mashine za sloti, ubashiri wa matokeo ya michezo na bahati nasibu. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Majirani nao wana njia zao. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, iliweka umri wa kucheza kuwa miaka 25. Kenya iliongozwa na sheria ya mwaka 1966 hadi 2025, ilipopata sheria mpya ya kudhibiti kamari. Na mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo bodi yake ilikuwa imesimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mbali zaidi, Uingereza ilichagua leseni na usimamizi kwa sheria yake ya mwaka 2005, wakati India, mwezi Agosti 2025, ilipitisha sheria inayokataza kabisa michezo ya mtandaoni ya kuwekea fedha. Kwa hiyo tusidhani kwamba jibu liko wazi na wengine ni wajinga. Watunga sheria wameangalia jambo lilelile wakafika mahali tofauti.

Kabla ya kwenda mbele, tuone upya wa jambo lenyewe. Kasino ya jengoni ina mlango, mlinzi, saa ya kufunga, na nauli ya kwenda na kurudi. Hata dubwi la baa lina macho ya majirani wanaokuona ukilitumbukizia sarafu. Kasino ya simu haina mlango wala haifungwi. Mchezaji yuko kitandani, mke amelala pembeni, na fedha haitoki mkononi kama noti; inatoka kama tarakimu kwenye akaunti ya simu. Vizuizi vile vidogo ambavyo zamani vilimpa mtu nafasi ya kujiuliza, “Hivi ninakwenda wapi?”, vimeondolewa vyote kwa pamoja.

2. Hesabu ya mchezo

Watu wengi hudhani kasino hupata faida kwa kuchakachua. Zipo zinazochakachua, lakini kasino haihitaji kudanganya. Tuchukue mchezo wa gurudumu, yaani ruleti. Ruleti ya Ulaya ina matundu 37, kuanzia 0 hadi 36. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye namba moja na ikatokea, unalipwa 35,000 na kurudishiwa 1,000 yako. Sasa tumfikirie mtu anayetaka kuwa na uhakika wa kushinda, akaweka 1,000 kwenye kila namba. Ametoa 37,000. Namba moja lazima itoke, naye atapokea 36,000. Ameshinda, na amepoteza 1,000. Hiyo ndiyo faida ya mwenye gurudumu, na hakuna aliyeibiwa kwa siri. Sheria ya mchezo iko wazi kwa kila anayejua kutoa na kujumlisha.

Mtaalamu wa hisabati Jakob Bernoulli, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1713, alithibitisha kwamba kadiri jaribio linavyorudiwa mara nyingi, ndivyo matokeo yanavyosogea karibu na wastani wake. Kwa lugha ya mtaani: leo unaweza kumla mwenye kasino, lakini ukirudi kila siku atakula yeye. Ndiyo maana hamwogopi anayeshinda. Anachohitaji ni kwamba arudi.

Hapo ndipo mwendo wa mchezo unapoingia. Tuseme sloti ya simu inarudisha kwa wachezaji, kwa wastani, shilingi 96 katika kila 100. Inasikika kama ukarimu. Lakini kila mzunguko unachukua sekunde 3 tu, yaani mizunguko 1,200 kwa saa. Anayeweka shilingi 200 kila mzunguko atakuwa amezungusha shilingi 240,000 kwa saa moja, na asilimia 4 ya hiyo ni shilingi 9,600. Hajawahi kuwa na 240,000 maishani. Ni zile elfu chache alizoanza nazo, alizoshinda na kuziweka tena, zinazunguka hadi zinaisha. Saa moja tu, kwa dau la shilingi 200, tena kwenye mchezo ambao hauna udanganyifu wowote!

Kuna jambo la tatu. Wanasaikolojia, B. F. Skinner akiwa maarufu miongoni mwao, walionyesha katika karne iliyopita kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio humshika kiumbe kuliko zawadi inayokuja kwa utaratibu. Njiwa asiyejua ni kudonoa kwa ngapi kutakakompa punje huendelea kudonoa. Hicho ndicho kiini cha sloti. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua uraibu wa kamari kama ugonjwa. Tunaposema “kijana hana akili”, tunakuwa tumesema kidogo mno kuhusu mashine iliyotengenezwa ili akili isipate nafasi.

3. Kanisa linafundisha nini kuhusu mchezo wenyewe

Hapa tuwe waangalifu, maana tunasikia mahubiri yanayosema kwamba kamari ni dhambi kwa asili yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haifundishi hivyo. Inafundisha kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau havipingani na haki kwa vyenyewe. Vinakuwa havikubaliki kimaadili vinapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea. Inaonya pia kwamba shauku ya kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa, na kwamba udanganyifu katika mchezo ni jambo zito.

Katika Maandiko pia, kura yenyewe haina hatia. Mitume walipiga kura iliyomwangukia Mathiya (Mdo 1:26). Lakini chini ya msalaba askari nao walipiga kura, wakigawana vazi la mtu anayekufa (Yn 19:24). Tendo ni lilelile. Linalotofautiana ni kinachogawanywa, na ni cha nani.

Mtakatifu Thoma anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba kucheza ni hitaji la binadamu. Katika Summa Theologiae anasimulia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walishangaa kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwomba mmoja aliyekuwa na upinde arushe mishale kadhaa, kisha akamuuliza kama angeweza kurusha bila kupumzika. Akajibu kwamba upinde ungevunjika. Hivyo na roho ya mtu isipolegezwa huvunjika. Kuna hata fadhila inayohusu kucheza kwa kiasi, na mtu asiyejua kabisa kucheza anakosea. Kwa hiyo hatuanzi hoja yetu kwa kuichukia furaha ya vijana. Tunauliza kama kile kinachotokea kwenye simu saa nane usiku bado ni mchezo.

4. Hoja za wanaotetea leseni

Hoja ya kwanza ni uhuru. Mtu mzima na fedha yake, nani amkataze? Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake On Liberty cha mwaka 1859, anafundisha kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa faida yake mwenyewe tu. Inaweza kumzuia pale anapowadhuru wengine. Wengi humnukuu Mill kutetea kamari. Wachache hufika sura ya mwisho ya kitabu hicho, ambamo Mill mwenyewe anasita. Mchezaji, anasema, avumiliwe. Lakini je, mtu awe huru kuendesha nyumba ya kamari? Hapo anaona jambo liko mpakani kabisa na kwamba hoja zipo pande zote mbili, kwa sababu mwenye nyumba anaishi kwa kukichochea kile ambacho jamii inakiona kuwa kibaya. Tuweke alama hapo. Hata mtetezi mkuu wa uhuru wa mtu binafsi alimtenganisha mchezaji na mwenye mchezo.

Hoja ya pili ni kwamba marufuku haifanyi kazi. Ukifunga kasino zenye leseni, watu watakwenda kwenye tovuti za nje zisizo na bodi ya kuzisimamia wala ofisi ya kulalamikia. Hoja hii ni nzito na hatuwezi kuipuuza. Lakini ina udhaifu hapa kwetu: mchezaji wa kawaida hana kadi ya benki ya kimataifa. Ana akaunti ya simu, na fedha hupita katika mlango ambao mamlaka zetu zinaujua. Ufilipino, nchi yenye Wakatoliki wengi, imetupa mfano. Mwezi Julai 2025 maaskofu wake walitoa barua ya kichungaji wakilia juu ya kamari ya mtandaoni na kutaka ipigwe marufuku. Mwezi uliofuata benki kuu ya nchi hiyo iliziamuru pochi za simu kuondoa viunganishi vya kwenda kwenye tovuti za kamari, na zikapewa saa 48. Mlango wa malipo unaweza kubanwa. Atakayezunguka kwa njia za panya atakuwepo, lakini si kila dereva wa bodaboda.

Hoja ya tatu ni kodi na ajira. Waendeshaji hutozwa kodi, na kodi hujenga madarasa na zahanati. Ni kweli. Lakini tujiulize shilingi hiyo imetoka wapi. Haikutoka ardhini kama dhahabu wala shambani kama korosho. Imetoka mfukoni mwa mwananchi yuleyule ambaye zahanati inajengwa kwa ajili yake. Tena kuna hatari ya ndani zaidi: serikali inayokula sehemu ya tembo inakuwa mgema wa pili. Ufilipino tena ni mfano, kwa kuwa shirika la umma linalosimamia kamari huko lilianzishwa likiwa pia mwendeshaji wa kasino zake. Mwamuzi amevaa jezi. Sisi hatujafika hapo, lakini kila bajeti inayotegemea kamari inasogea upande huo.

5. Hoja za wanaotaka marufuku

Upande wa pili husema: uovu haupewi leseni. Serikali inapoweka muhuri kwenye kasino, inawafundisha vijana kwamba jambo hili ni jema. Mama wa jumuiya yetu alikuwa amelielewa hilo bila kusoma kitabu chochote: kilichotangazwa redioni na kupewa leseni, kwake, kilikuwa kimethibitishwa. Mtakatifu Thoma angekubali kwamba sheria ni mwalimu. Anasema lengo lake ni kuwafanya watu kuwa wema.

Hata hivyo, Thoma huyohuyo anauliza katika Summa kama sheria ya binadamu inapaswa kukataza maovu yote, na anajibu kwamba haipaswi (I-II, swali la 96, kifungu cha 2). Sheria hutungwa kwa ajili ya umati, ambao wengi wao si wakamilifu katika fadhila. Mzigo ambao mtu mwadilifu anaubeba kwa urahisi ungemvunja asiye imara, naye angetumbukia katika mabaya zaidi. Sheria iwaongoze watu kwenye wema hatua kwa hatua. Kwa hiyo ikataze maovu mazito ambayo wengi wanaweza kujiepusha nayo, na hasa yale yanayowadhuru wengine.

Kwa kipimo hiki peke yake, mtu angeweza kusema: basi, kamari ivumiliwe, kwa kuwa mchezaji anajidhuru mwenyewe. Wasomaji wengi wa Thoma huishia hapo. Lakini kuna mahali pengine ambapo anaigusa kamari moja kwa moja.

6. Neno la Thoma ambalo halisomwi sana

Akizungumzia sadaka (II-II, swali la 32, kifungu cha 7), Thoma anauliza kama mtu anaweza kutoa sadaka kutokana na mali aliyoipata isivyo halali. Hapo anajibu pingamizi linalohusu mali iliyopatikana kwa kamari. Anataja mambo matatu ambayo yanaifanya mali hiyo kuwa haramu kwa sheria ya Mungu yenyewe, bila kujali sheria ya nchi inasemaje. La kwanza, kushinda mali ya wale wasioweza kuitoa kihalali, kama vile watoto na wasio na akili timamu. La pili, kumvuta mwingine kwenye mchezo kwa tamaa ya kupata faida. La tatu, kushinda kwa hila. Na anaongeza kwamba aliyepata mali kwa njia hizo anawajibika kuirudisha.

Ndugu msomaji, tusome tena lile la pili. Thoma hasemi kucheza. Anasema kuvuta. Mtu wawili wakiketi chini ya mwembe wakawekeana dau la soda, hakuna aliyemvuta mwenzake. Lakini mtu anayeishi kwa kuwatafuta wenzake, kuwaita, kuwabembeleza na kuwarudisha mchezoni ili apate faida, huyo hata akicheza kwa haki bila hila yoyote, anashikilia kisicho chake.

Baada ya kikao tulikaa na yule kijana nje ya nyumba. Alituonyesha simu yake. Alikuwa amejaribu kuacha. Alikaa siku nne bila kucheza, na siku ya tano ukaja ujumbe, ukimtaja kwa jina, ukimwambia kwamba wamemkumbuka na kwamba akirudi leo atapewa mizunguko 20 ya bure. Alirudi. Zile za bure ziliisha kwa dakika moja. Zilizofuata zilikuwa za mfuko wa misiba. Tulihesabu pamoja ujumbe wa aina hiyo kwenye simu yake kwa mwezi ule tukaacha tulipofika 60. Mwingine ulikuja tukiwa bado tumeishika.

Kompyuta iliyotuma ujumbe ule ilijua jina lake, ilijua siku aliyoacha, na pengine ilijua saa anayozidiwa. Mgema wa zamani alikaa chini ya mnazi akingoja wateja. Mgema wa leo anagonga dirisha la mlevi anayejaribu kulala. Kama Thoma aliona kuvuta ni dhuluma wakati kulikuwa na kete na meza tu, sembuse leo?

Na lile la kwanza pia halijapitwa na wakati. Mtu aliyekwisha kushikwa na uraibu, ambaye madaktari wanamwita mgonjwa, je, anaweza kweli kuitoa mali yake kwa hiari saa nane usiku? Na mtoto anayecheza kwa simu ya mama yake? Laini imesajiliwa kwa alama ya kidole, ndiyo, lakini kidole ni cha mama.

7. Vipimo vya leseni ya haki

Kutokana na haya, tunapendekeza kwamba swali la “halali au marufuku” libadilishwe. Tuulize: je, sheria hii inamzuia mvutaji? Mchezo unaweza kuvumiliwa, lakini uvutaji usivumiliwe, kwa kuwa huo unamdhuru mwingine na kwa hiyo unaangukia kabisa ndani ya yale ambayo Thoma anaitaka sheria iyakataze. Vipimo vyetu ni vinne.

Kwanza, matangazo na vishawishi. Ujumbe wa kumrudisha aliyeacha, mizunguko ya bure, bonasi ya amana ya kwanza, na sura za wachezaji na wasanii wanaopendwa na watoto, vyote ni kuvuta. Italia ilikataza matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018, na ligi zake za mpira bado zinachezwa. Hoja kwamba bila matangazo kasino zenye leseni zitakufa inakiri jambo zito: kwamba bila kuvuta hazina wateja wa kutosha.

Pili, kasi na kiasi. Uingereza, baada ya miaka ishirini ya leseni, mwaka 2025 iliweka kikomo cha dau la sloti za mtandaoni: pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Hata nchi iliyoanza kwa kufungua mlango imelazimika kuusukuma nyuma. Sisi tunaweza kuanzia pale walipofika.

Tatu, kucheza kwa mkopo. Uingereza ilikataza kamari kwa kadi za mkopo mwaka 2020. Kwetu kadi hizo ni chache, lakini mikopo ya papo kwa papo ya simu iko kila mahali, na umbali kati ya mkopo na dau ni mibonyezo michache. Kijana wetu alianza kwa mkopo wa simu. Alichukua za jumuiya ili kulipa deni, akiamini kwamba angezirudisha zote usiku mmoja.

Nne, njia ya kutoka na wajibu wa kurudisha. Mtu akiomba afungiwe, afungiwe na kampuni zote kwa ombi moja, na asitumiwe tena ujumbe hata mmoja. Na kwa kuwa Thoma anamtaka mvutaji arudishe, sheria iwatoze waendeshaji fedha za kutibu waathirika, kama Uingereza ilivyoanza kufanya kwa tozo ya lazima mwezi Aprili 2025. Hiyo isiitwe msaada wa kampuni kwa jamii. Ni deni.

Je, ikiwa nchi haiwezi kusimamia vipimo hivi? Hapa tunasema wazi: leseni ambayo mtoaji wake hawezi kuisimamia ni ruhusa ya kuvuta. Nchi ya namna hiyo ina sababu njema ya kukataza, kama India ilivyofanya, hata ikijua kwamba wachache watapenya. Kuvumilia uovu kwa busara kunahitaji nguvu ya kuuzuia usizidi. Pasipo nguvu hiyo, tunachokiita uvumilivu ni kushindwa kulikopambwa.

8. Na sisi wenyewe?

Tusiinyoshee serikali kidole huku tukijisahau. Parokia zetu huchezesha bahati nasibu za kujenga kanisa. Si kosa kwa zenyewe: tiketi ni chache, zawadi inajulikana, na anayenunua anajua anachangia. Lakini tukianza kuwabana wanajumuiya kwa orodha, tukiwaahidi utajiri na baraka kwa tiketi, tumeanza kuvuta. Tena fedha za jumuiya tuzitunze kwa saini za watu wawili. Si kwa sababu hatumwamini mweka hazina, bali kwa sababu tunampenda na hatutaki abaki peke yake na majaribu saa nane usiku.

Wala tusimwondolee kijana wajibu wake. Alichukua kisicho chake, na dhambi ya mgema haifuti ya mlevi. Aliungama, na jumuiya ikapatana naye alipe shilingi 5,000 kila Jumamosi. Kwa hesabu hiyo atamaliza baada ya wiki 68. Laini amebadilisha. Mpaka tunaondoka parokiani hakuwa amekosa Jumamosi hata moja, na mama yule aliyeuliza swali ndiye anayepokea na kuandika daftarini.

Kwa hiyo, mama yetu, jibu letu ni hili. Leseni haimaanishi kwamba jambo ni jema. Inamaanisha kwamba serikali imeamua kulivumilia. Na hela yenu haipo kwa sababu ilichukuliwa mara mbili: na kijana aliyeitoa mfukoni, na aliyemwita usiku aje nayo. Wa kwanza anaanza kurudisha. Wa pili bado anatuma ujumbe, na ndiye ambaye sheria haijamfikia.

Maswali ya kujadili katika jumuiya na vikundi vya vijana

1. Kuna tofauti gani kati ya mitume kupiga kura kwa ajili ya Mathiya na askari kupiga kura kwa ajili ya vazi la Bwana?
2. Katika wiki iliyopita, umepokea au kusikia vishawishi vingapi vya kucheza? Vilitumia maneno gani?
3. Je, serikali inayopata kodi kutokana na kamari inaweza kuidhibiti kwa haki? Iwekewe masharti gani?
4. Katika jumuiya yenu, mtu aliyenaswa na kamari anaweza kumwambia nani bila kuogopa aibu?